Taa ya Valdecorzo

Honorina Cubillo alikuwa kwenye foleni ya mkate aliposikia kwamba mnara wa kanisa kuu umefunguliwa. Tangu ahamie mjini Aldovera hakuwahi kuuona mnara ule ukiwa mtupu. Siku zote ulikuwa umefungwa majukwaa ya mafundi na nyavu za kijani, utadhani mgonjwa aliyesahauliwa ndani ya bandeji zake.

"Siku ikiwa nyeupe unaona mpaka milima ya Corza," mwanamke aliyekuwa mbele yake alimwambia muuza mkate. "Mume wangu kapanda juzi. Magoti yanamlaani mpaka leo."

Honorina alichukua mkate wake, akarudi nyumbani, akauacha mezani bila kuufunika, akaanza kutafuta buti.

Chini ya milima ya Corza ndiko kilikokuwa kijiji chao, Valdecorzo. Alizaliwa huko, akaolewa huko, akamzika mumewe Fabián huko. Vijana waliondoka mmoja mmoja, kisha wazee wakafuata, wengine kwa watoto wao na wengine makaburini, mpaka ikafika majira ya baridi ambapo mabomba ya moshi yaliyokuwa yakitoa moshi kijiji kizima ni mawili tu: lake, na la Leoncio Herrán, mchungaji wa kondoo aliyekuwa ng'ambo ya uwanja wa kisima.

Wawili hao hawakuwa marafiki. Mbwa wa Leoncio walikuwa wamemlia Honorina kuku zaidi ya mmoja, na Leoncio alisema kuku anayetoka nje ya banda amejitakia. Walinuniana miaka. Lakini kila asubuhi Honorina alipofungua dirisha, kabla hajaangalia mbingu wala theluji, aliangalia moshi wa yule mzee. Ukiwepo, alishukuru kimoyomoyo na kuendelea kumchukia. Baadaye alikuja kujua kwamba naye Leoncio alikuwa akifanya vivyo hivyo.

Halafu Leoncio akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga, akapelekwa kwenye makao ya wazee ya masista, huko huko mjini. Honorina alikaa peke yake majira ya baridi moja. Binti yake Maite, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alikuja akamkuta anaongea na redio, tena anaijibu, akasema, "Mama, basi. Imetosha." Ndivyo alivyohamia ghorofa ya tatu ya jengo ambalo majirani walikuwa wakisalimiana kwenye lifti huku wakiangalia simu. Walikuwa watu wema tu. Hakuna aliyemkosea. Ila zingeweza kupita siku nyingi bila mtu kulitamka jina lake, na siku Maite alipopiga simu ya Jumapili na kusema "Mama", sauti ya Honorina ilitoka na kutu, ikabidi akohoe kwanza.

Alhamisi ile ya Novemba alivaa buti zake na koti la sufu, akaenda kujiunga na kundi la mwisho la kupanda mnara.

Kundi lenyewe lilikuwa na mume na mke kutoka Uholanzi, warefu kama milingoti, na wasichana watatu wa chuo cha uuguzi waliokuwa wakicheka kila neno. Aliyewaongoza ni Rocío, binti mwenye nywele fupi na funguo nyingi kiunoni.

"Bibi," alimwambia Honorina mlangoni, kwa adabu, "hizi ngazi si mchezo. Zinazunguka, nyembamba, halafu huwezi kugeuka katikati. Unajisikiaje?"

"Najisikia nimesimama hapa muda mrefu kuliko nitakavyopanda," alisema Honorina. Wale wasichana wakacheka, mmoja akampa nafasi ya mbele.

Walipanda. Ngazi zilikuwa zimeliwa katikati na nyayo za watu waliokufa zamani, kila moja imebonyea kama sahani. Kamba nene iliyofungwa ukutani ndiyo iliyokuwa ya kushika. Honorina alipanda taratibu, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye jiwe, akihema lakini hasimami, na nyuma yake kicheko cha wasichana kikazidi kupungua kadiri pumzi zao zilivyokuwa zikiwaishia. Walitokea juu ya dari ya kanisa, chini ya paa lenyewe, gizani, palipokuwa na harufu ya vumbi na kinyesi cha njiwa. Matao ambayo yakitazamwa kutoka chini ni uzuri mtupu, huku juu yalikuwa migongo tu, kama vyungu vikubwa vilivyofudikizwa. Rocío akafungua mlango mwingine wa mbao, wakaendelea na ngazi za pili, nyembamba kuliko za kwanza, mpaka upepo ukawapiga usoni.

Kengele zilikuwa zimening'inia kwenye madirisha ya mnara, na kila moja ilikuwa na jina. Kubwa kuliko zote iliitwa Bárbara. Pembeni yake kulikuwa na ukingo wa mawe wenye kibao cha shaba chenye mishale ya kuonyesha kila kitu kiko upande gani.

Ila hakukuwa na cha kuona. Ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda wote. Mapaa ya mji yalionekana, na mto, na bomba la kiwanda cha sukari. Baada ya hapo ni weupe.

"Valdecorzo iko upande gani?" Honorina aliuliza.

Rocío aliinama kwenye kibao cha shaba, akafuatisha mishale kwa kidole. "Valde... nini?"

"Valdecorzo. Ni kijiji."

"Hakimo, bibi. Kuna watu wanaishi huko?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo maana," alisema Rocío, bila ubaya wowote, akageuka kuwaeleza Waholanzi habari za askofu aliyeujenga mnara.

Honorina akazunguka upande wa pili, nyuma ya Bárbara, akaegemea ukingo. Alitazama weupe ule kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Alisikia Rocío akisema tunashuka sasa, akasikia simu ya Rocío ikilia, akasikia viatu vikiingia kwenye ngazi na sauti zikizama ndani ya jiwe. Akajiambia, dakika moja tu. Nitawakuta njiani.

Ndipo jua lilipochungulia chini ya mawingu, chini kabisa, karibu na ardhi, na ukungu ukaanza kuinuka. Uliondoka kwa vipande. Kwanza ikaja mistari ya miti ya mipopla kando ya mto. Ikaja barabara nyeupe. Mwisho kikaja kilima chenye mgongo kama tandiko la punda, na Honorina akashika jiwe kwa mikono miwili, maana kilima kile alikuwa amekiona kila siku ya maisha yake kutoka dirisha la jikoni. Chini ya tandiko lile palikuwa na doa la rangi ya udongo, dogo kiasi cha kufunikwa na kucha. Ndilo hilo. Kwa macho yake ya uzee hakuweza kutofautisha nyumba na nyumba, lakini hakuhitaji. Alijua hapa ni kanisa, hapa ni kwa kina Herrán, hapa ni kwangu, hapa makaburini.

Jua likazama. Doa likaanza kumezwa na giza, na Honorina akafunga vifungo vya koti lake ili ashuke. Akageuka mara ya mwisho.

Pale chini ya kilima palikuwa na mwanga.

Alifumba macho, akafumbua. Ulikuwepo, mmoja tu, wa manjano, umetulia tuli.

Alishuka ngazi za juu haraka kuliko ilivyofaa umri wake, akitaka kumwambia mtu, mtu yeyote, mpaka akafika kwenye ule mlango wa mbao. Ulikuwa umefungwa. Akausukuma. Akaupiga kwa ngumi, kisha kwa buti. Sauti ilizunguka ndani ya mnara ikamrudia. Chini kule, nyuma ya kuta zenye unene wa trekta, hakuna aliyesikia kitu.

Akakaa kwenye ngazi, akatoa simu. Akimpigia Maite, Maite ataanza kulia huko Ujerumani, kisha ataanza kumsema. Polisi aliwaonea haya. Akawaza majirani, akagundua kwamba hana namba ya hata mmoja, na wa mlango wa pili hata jina lake halijui. Majina mengine yaliyobaki kwenye simu ni daktari, fundi wa bomba, Fabián, ambaye hakuweza kumfuta, na Leoncio Herrán. Namba hiyo waliwekeana miaka ile kwa amri ya daktari wa wilaya. Haikuwahi kutumika.

Akapanda tena mpaka juu, penye upepo, akahakikisha mwanga bado upo. Akapiga.

Simu iliita sana. Nyuma ya sauti iliyopokea, televisheni ilikuwa inanguruma.

"Nani?"

"Ni mimi. Honorina."

"Honorina gani?"

"Unawajua wangapi, we mzee? Honorina wa kuku."

"Ahaa! Bado hujafa?"

"Nikifa nitakutumia habari. Leoncio, sikiliza. Valdecorzo kuna taa inawaka."

Televisheni ikanyamaza. Alikuwa ameizima, au ameifunika. "Umeonea wapi?"

"Niko juu ya mnara wa kanisa kuu."

"Mnara wa kanisa kuu! Umekwenda kufanya nini huko, kutaga? Umri huo?"

"Taa, Leoncio. Taa inawaka. Nani yuko kijijini?"

Mzee akafikiri. Honorina alisikia pumzi yake, ile pumzi nzito ya mvuta tumbaku. "Iko kulia kwa kanisa au kushoto?"

"Kulia. Chini kidogo."

"Basi ni ile ya kisimani," alisema Leoncio. "Ile tuliyoipigania mpaka tukachoka. Hakuna mtu, mama. Ina jicho lile, inaona giza, inajiwasha."

Honorina akaikumbuka. Walikuwa wamebaki familia mbili tu wakati halmashauri ilipokubali kuwawekea taa uwanjani, na siku ya kwanza ilipowaka, yeye na Leoncio walitoka kila mmoja mlangoni kwake wakaitazama, bila kusemeshana.

"Nilidhani walishaikata," alisema.

"Hata mimi."

"Sasa inamwashia nani?"

"Mbweha," alisema Leoncio. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikafa. "Hebu niambie inavyoonekana."

"Ndogo. Kama mtu anavuta sigara mbali."

"Inapepesa?"

"Haipepesi."

"Fundi yule alijua kazi," alisema mzee. Upepo ukawa unaingia kwenye simu. Hatimaye Leoncio akauliza, "Sasa huko juu mnashuka saa ngapi?"

"Sishuki. Wamenifungia."

"Wamekufanyaje?"

"Wameniacha. Mlango umefungwa. Niko peke yangu na kengele."

Kwanza akafikiri mzee amepaliwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Honorina akaingiwa na wasiwasi, kisha akamsikia akiita kwa sauti ya kuitia kondoo: "Sista Amparo! Sista! Njoo upesi, kuna mwanamke wa kwetu amekwama mbinguni!"

Wakati anangoja, Bárbara alipiga saa. Hakuna mtu aliyemvuta. Nyundo ilijiinua yenyewe kwa umeme ikaanguka, na Honorina, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, alihisi sauti ile ikipita ndani ya meno na mbavu. Alijikunyata kwenye ngazi akaziba masikio. Kengele iliponyamaza, aligundua kwamba alikuwa analia. Hakujua ameanza lini.

Rocío alifika anahema, amefuatwa na mtunza kanisa mwenye tochi. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nilihesabu vichwa, bibi! Naapa nilihesabu!"

"Labda changu hakina uzito, mwanangu," alisema Honorina.

Alikuwa ametania tu, lakini yule binti akaangua kilio pale pale, ikawa Honorina ndiye wa kumbembeleza, wamekaa kwenye ngazi, huku mtunza kanisa akiwamulika na kuwaambia kuwa mke wake anamngoja na supu inapoa.

Tangu siku hiyo Rocío alimwachia apande na kundi la mwisho kila Alhamisi, na kumsubiri hadi taa iwake. Honorina alikuwa akifika juu, anazunguka nyuma ya Bárbara, anapiga simu. Siku za ukungu walikuwa wakitukanana tu kidogo na kukata. Siku nyeupe alikuwa akimweleza kila kitu: theluji imeshuka mpaka wapi kwenye tandiko, mto umejaa kiasi gani, nani amelima shamba la chini. Leoncio alikuwa akiuliza maswali ya mchungaji. Upepo unatoka wapi? Nyasi za bondeni zimebadilika rangi? Halafu taa ikiwaka, Honorina alikuwa akisema "Hiyo," na mzee akajibu "Haya," na hapo wote wawili wakanyamaza kidogo kama watu kwenye Misa.

Mara moja, kabla ya Krismasi, alikwenda kumtembelea. Alimpelekea soseji ya damu iliyofungwa kwenye gazeti. Alimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amevaa sweta ya mtu mwingine, amepungua mpaka mikono yake ya kuchinjia kondoo ilionekana kama ya kuazima. Wakatazamana. Wakasema habari ya chakula, wakasema habari ya masista. Ana kwa ana maneno yaliwakauka. Walitazama mashindano ya kuimba kwenye televisheni mpaka saa ya wageni ikaisha, Honorina akarudi kwake kwa miguu akijisikia mpweke kuliko alivyokwenda. Alhamisi iliyofuata, kwenye simu, mambo yakawa kama kawaida, na hakuna aliyeitaja ziara ile.

Mwezi wa Machi siku zilirefuka, na Alhamisi moja anga likawa safi kama kioo kilichofutwa. Honorina alikiona kijiji vizuri kuliko wakati wowote. Jua lilizama. Doa likafifia, likazama. Alisubiri. Nyota ya kwanza ikatoka juu ya kilima. Chini ya kilima hakukutoka kitu.

"Bibi," alisema Rocío kwa upole, "natakiwa kufunga."

"Kidogo tu, mwanangu."

Simu ilikuwa sikioni muda wote. Leoncio alikuwa anasubiri upande wake. "Imewaka?" aliuliza.

Neno lilikuwa mdomoni tayari, lile "Hiyo" la kila wiki. Lilikuwa rahisi kutamka. Nani angejua? Mzee hatatoka pale alipo, na kutoka kwenye dirisha lake panaonekana maegesho ya magari. Lakini Honorina alikumbuka asubuhi zile za theluji, moshi na moshi. Hakuna aliyewahi kuwasha moto wa uongo.

"Haijawaka," alisema.

"Labda balbu."

"Labda."

Mzee akavuta pumzi. "Si balbu."

"Nadhani si balbu, Leoncio. Wameikata."

Chini mjini taa zote zilikuwa zimewaka, barabara kwa barabara, mpaka kiwanda cha sukari. Honorina alitazama pale penye giza mpaka macho yakamuuma, akijaribu kukumbuka kilima kiliishia wapi.

"Basi umepanda ngazi zote hizo bure," alisema Leoncio.

"Bure kabisa."

"Haya, shuka. Shuka taratibu. Ukivunjika watakuleta huku, na huku chakula hakina chumvi."

Rocío alimshika mkono njia nzima ya kushuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Honorina akamwachia. Kwenye lango la kanisa binti akauliza, "Wiki ijayo utakuja, bibi?" Honorina akasema ataona.

Hakwenda. Alhamisi iliyofuata alikaa jikoni kwake, akapika supu ya kitunguu saumu, akavunjia yai, akakatia mkate wa jana. Saa ya kupanda mnara ikapita. Jirani wa juu alivuta kiti, akakiacha. Lifti ikapanda, ikashuka. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika kijiko, simu ikalia.

"Hujapanda," alisema Leoncio. Hakuwahi kumpigia hata siku moja. Siku zote ni yeye Honorina aliyekuwa akipiga.

"Nipande nikaone nini?"

"Sijui." Alisikika ana haya, kama mtu aliyefumaniwa. "Nimekaa hapa nangoja. Saa imefika, simu hailii. Nikasema labda amekwama tena na kengele."

"Niko nyumbani. Nakula."

"Unakula nini?"

"Supu ya kitunguu saumu."

"Umeweka yai?"

"Nimeweka."

"Ahaa." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Honorina hakuwahi kuisikia kwake, "Sasa tutakuwa tunaongea nini, mama?"

Honorina alikoroga supu yake. Hakuna kilichotokea kwake wiki nzima. Kwake mzee, vivyo hivyo.

"Tusiongee basi," alisema. "Acha simu wazi."

Akaiweka mezani kando ya sahani, akachovya kijiko, akaanza kula. Upande wa pili mzee alikohoa, kiti chake kikalia, mtu akapita kwenye korido akivuta toroli la vyombo. Supu ilikuwa ya moto sana, na Honorina akaila polepole.